Pikipiki Iliyowashwa kwa Mguu wa Kushoto

Pikipiki ile ilikaa sana kwenye duka moja la Emali, hadi kuku wakaanza kutaga chini yake. Mwenye duka alikuwa Mwislamu ambaye babake aliletwa bara na kazi ya reli kutoka pwani, naye akazaliwa hapo hapo na kujifunza Kikamba kabla ya lugha nyingine yoyote. Alikuwa ameagiza tatu za aina hiyo kutoka nchi moja ya Ulaya Mashariki, akitumaini kuwauzia walimu na makarani. Walimu na makarani walikuja, wakazizunguka, wakacheka, wakaenda zao kununua za Kijapani. Moja ilichukuliwa na katekista. Ya pili ilifunguliwa ikawa vipuri. Ya tatu ikabaki mlangoni, karibu na magunia ya chumvi ya ng'ombe.

Waliokuwa wakiikataa hawakuwa wakiisingizia. Ilikuwa nzito, na rangi yake ilikuwa ya ini lililokaa juani. Petroli yake ilibidi ichanganywe na oili ndani ya tangi, na ukizidisha oili kidogo tu ilifuka moshi wa buluu kama mtu anachoma takataka. Haikunguruma. Ilikohoa, kikohozi kikavu cha mzee anayetaka watu wajue ameamka, na watu wakaiita hivyo hivyo, Kikohozi. Lakini kilichowaudhi zaidi ni namna ya kuiwasha. Pikipiki walizozijua zilipigwa kiki kwa mguu wa kulia. Hii ilikuwa na chuma kimoja tu, upande wa kushoto, chenye kazi mbili: ulikisukuma ndani na kukigeuza nyuma kikawa kiki, na injini ikishawaka ulikirudisha mbele kikawa gia. Asiyejua angekikanyaga mpaka jasho limtoke, na pikipiki imenyamaza tu. Mwalimu mmoja alijaribu mbele ya watu siku ya soko, akateleza, akaumia ugoko. Baada ya hapo hakuna mtu wa heshima aliyetaka kuonekana karibu nayo.

Aliyeinunua ni mume wangu, ingawa wakati huo hakuwa bado mume wangu. Alikuwa bwana mifugo wa serikali, kijana mrefu mwenye haya. Alikuwa amefanya kazi Kalamba kwa muda, akichanja ng'ombe na mbuzi wa kwetu, kisha akahamishiwa Mutomo, ng'ambo ya mto Athi, kusini mwa Kitui ambako mvua huja kama mgeni asiyevua viatu. Mimi nilikuwa naishi Kalamba kwa wazazi wangu, nikisuka vyondo, vikapu vya mkonge vya kwetu. Nikiwa mtoto homa fulani ilipita kijijini ikaniachia mguu wa kulia uliopooza, mwembamba kama mwiko. Nilitembea kwa fimbo, polepole. Sokoni na kanisani nilifika. Zaidi ya hapo dunia nilikuwa naisikia tu.

Siku za chanjo nilikuwa nakaa kwenye jiwe karibu na boma, nasuka, kamba ya mbuzi wetu nimeifunga kiunoni. Bwana mifugo alituacha sisi wa mwisho kila mara, hata tukifika wa kwanza. Nilidhani anatudharau. Mama ndiye aliyecheka.

"Mwanangu," akaniambia, "huyo haangalii mbuzi."

Alipohamishwa aliendelea kuja sikukuu, kwa basi na kwa miguu, na kufika jioni viatu vimejaa mchanga. Siku moja aliniuliza kama ningependa kwenda naye Emali, nione tu mji, tunywe chai mahali, turudi. Nikamuuliza nitafikaje, maana hata kituo cha basi kwangu kilikuwa safari. Alikunywa uji wake, akaaga, akaenda.

Alirudi mwezi uliofuata. Mama alikuwa akipepeta mbaazi. Aliinua kichwa akasikiliza, akasema, "Kuna kitu kinakufa kule barabarani." Mbuzi walikata kamba. Moshi ulitangulia kuingia uani, kisha akaingia yeye, vumbi hadi kwenye nyusi, ameketi juu ya kile kitu cha rangi ya ini ambacho hata sisi wa Kalamba tulikuwa tumekisikia kwa sababu ya ugoko wa mwalimu. Nilijifunika uso kwa leso.

Baba alitoka nje. Alikuwa amefanya kazi ya reli ujana wake wote, na mashine hakuziogopa. Aliizunguka bila haraka, mikono nyuma.

"Kijana," akasema, "hiki kitu watu wote wa Emali wamekikataa. Wewe umeona nini ambacho wao hawakukiona?"

"Nimeona kiti, mzee."

"Kiti?"

"Ni kirefu, cha watu wawili. Na kiko chini. Mtu anaweza kukipanda bila kuruka."

Baba aliutazama mguu wangu, kisha akatazama pembeni, kwenye mlima. Halafu akamgeukia mama. "Mletee huyu kijana maji ya kunawa," akasema. "Atakula hapa."

Tulifika Emali wiki hiyo hiyo. Nilikaa upande, miguu yote kushoto, mkono mmoja kiunoni mwake na mwingine kwenye fimbo yangu. Sikumbuki tuliongea nini. Nakumbuka upepo ukiingia ndani ya leso, na mashamba ya mbaazi yakipita kwa kasi ambayo sikuwahi kuyaona nayo, na mimi nikiwaza kwamba watu wenye miguu mizuri hawajui wanachokipata bure. Emali tulikunywa chai na mandazi, tukaangalia malori yanayoshuka Mombasa. Mwenye duka alitoka akatuona tumefika salama. Alishika kichwa. "Kumbe inatembea!" akasema, kana kwamba si yeye aliyeiuza.

Tulioana mwaka uliofuata, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulitoka kanisani juu ya Kikohozi, mimi nimepakata sufuria na kuku jike aliyetulia kuliko mimi.

Maisha ya Mutomo yalikuwa makavu na mazuri. Tulipata kiploti, tukajenga nyumba ya matofali tuliyoyachoma wenyewe. Mume wangu alitoka alfajiri na boksi la dawa limefungwa nyuma ya kiti, akarudi jua likikaribia kuzama. Watoto walipomwona anapita walishika vifua na kujikohoza wote kwa pamoja, naye aliwapungia mkono. Hilo halikumsumbua. Lakini siku moja tulipita sokoni pamoja, na mlevi mmoja akapaza sauti: "Mguu mbovu umepata pikipiki mbovu!" Watu wakacheka. Wengine walikuwa watu tunaowafahamu.

Nilihisi mgongo wake ukikazana. Hakusimama. Tulifika nyumbani, akachukua kitambaa, akaanza kuipangusa pikipiki, tangi, taa, kila waya wa gurudumu. Mimi nilipika, nikapakua, chakula kikapoa. Mwishowe akaja akakaa.

"Kesho nitakufundisha," akasema.

"Nini?"

"Kuendesha."

Nilicheka kwa uchungu. "Kwa mguu gani?"

"Kwa ule ulio nao."

Hapo ndipo aliponieleza. Kule Emali yule mzee mwenye duka alikuwa amemwonya kwa uaminifu kabisa, "Kijana, shida ya hii ni kushoto. Kila kitu kiko kushoto." Naye akasimama pale akiwaza juu yangu, akiogopa hata kutabasamu mzee asije akapandisha bei. Mbele ya baba alikuwa ametaja kiti tu, kwa sababu hakutaka kuahidi jambo ambalo hakuwa na hakika nalo.

Kesho yake alinipeleka kwenye uwanja wa shule, shule ikiwa imefungwa. Alisimamisha pikipiki kwenye stendi yake ya katikati, akanipandisha. Niliketi. Nikasukuma kile chuma ndani, nikakigeuza nyuma, nikakikanyaga kwa mguu wangu wa kushoto, ambao kwa miaka yote ulikuwa umefanya kazi ya miguu miwili na ulikuwa na nguvu kama wa punda. Ikakohoa ikanyamaza. Nikakanyaga tena. Ikawaka.

Sijui kama ninaweza kueleza. Ilitetemeka chini yangu, moshi ukatuzunguka, na yeye alikuwa anaruka-ruka pale mbele kama mtoto, huyu mtu mwenye haya. Kubadilisha gia hakukuwa kugumu, maana klachi ya pikipiki ile ilijiachia yenyewe ukigusa gia. Breki ya mguu ilikuwa kulia, na hiyo alikuwa ameshaifikiria: fundi wa pale Mutomo aliichomelea kipande cha bati pana, ili nikiuegemeza tu mguu wangu mbovu, uzito wake utoshe kubonyeza. Nilianguka mara kadhaa. Nina alama kwenye kiwiko. Lakini kabla shule hazijafunguliwa nilikuwa nazunguka uwanja peke yangu, fimbo imefungwa kwenye usukani kama bunduki.

Wanawake wa sokoni waliponiona mara ya kwanza hawakucheka. Walisimama. Mmoja, muuza ndengu, alipiga vigelegele, na wengine wakampokea.

Tangu siku hiyo vyondo vyangu nilivipeleka sokoni mwenyewe. Mume wangu akiwa ofisini, mimi ndiye niliyeenda kuchukua nyuzi, au kumfikisha jirani kliniki. Lakini safari ninayoitunza moyoni ni ile niliyokwenda Kalamba peke yangu kuwaona wazazi. Mama aliigusa pikipiki kwenye taa, kiganja kizima, kama mtu anavyomgusa fahali kwenye paji. Baba alikuwa amezeeka, amestaafu miaka mingi. Tulipomaliza kula akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea:

"Unaweza kunipeleka nikaone treni?"

Nilimpeleka. Alikaa nyuma yangu, mikono yake mizito mabegani mwangu, mikono iliyonibeba hadi nikawa mkubwa wa kuona haya kubebwa. Tulipofika stesheni ya Emali tukakaa kwenye benchi na kungoja. Ilipita treni ya mizigo, ndefu, polepole. Baba aliyasikiliza magurudumu akitikisa kichwa. "Behewa lile lina beringi mbaya," akasema, akafurahi mno. Tukarudi. Njiani alinipiga bega, nikasimama nikidhani amechoka. Alitaka tu kuniambia kwamba naendesha vizuri.

Binti yetu yeye hakuipenda. Alizaliwa akaikuta, akakua akiionea haya. Alipoingia shule ya bweni aliniomba nimshushe kwenye kona, kabla ya geti, wenzake wasisikie. Nilimshusha. Nilielewa. Kufikia miaka ya themanini barabara zilikuwa zimejaa pikipiki nyepesi za rangi za kung'aa, na yetu ilikuwa peke yake kote Mutomo. Katekista alikuwa ameshaiacha ya kwake ikaota kutu. Vipuri tulipewa na yule mzee wa Emali, alivyovitoa kwenye ile iliyofunguliwa, akituwekea kwenye mkebe wa majani ya chai.

Mwaka ule wa njaa tuliyoiita Nikwa Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika pesa mkononi, kwa kuwa hata mwenye pesa hakupata cha kununua, mume wangu alizunguka kila siku akiwasihi watu wauze mifugo kabla haijafa. Wengi hawakumsikiliza, na aliwaelewa. Alirudi nyumbani amekauka, akakaa juu ya ile pikipiki uani bila kushuka. Nilikuwa namletea chai pale pale. Nadhani mwili wake ulianza kuchoka wakati huo.

Alipolazwa katika hospitali ya misheni kwa presha na figo, nilikwenda kila mchana kumwona, na chakula kwenye chondo. Wauguzi ndio walionisimulia, baada ya mambo kwisha, kwamba alikuwa akinisikia nikiwa bado mbali, kwenye mteremko. Wagonjwa wengine hawakusikia kitu. Yeye alisema, "Huyo ni wangu," akainuka kwa tabu akaketi, akaomba kitana, akachana nywele. Ndiyo maana kila nilipoingia nilimkuta nadhifu, ameketi, nami nikarudi nyumbani nikiamini anapata nafuu.

Alifariki adhuhuri moja, nikiwa nimemshika mkono. Tulimzika nyuma ya nyumba. Pikipiki niliiegemeza kwenye stoo, nikaifunika magunia, na sikuigusa tena.

Ilipita miaka. Binti yangu alipata kazi Nairobi. Mimi niliendelea kusuka. Katikati ya miaka ya tisini, Jumamosi moja, mwanamume wa umri wa kama miaka thelathini na kitu aliingia uani, amevaa vizuri, viatu vya ofisini vimepauka kwa vumbi. Alinisalimia kwa heshima, akiniita mama kwa Kikamba.

"Shikamoo, mwaitu. Nimeelekezwa kwako na watu wa duka la Emali. Wamesema una pikipiki ya zamani. Ya kiki ya kushoto."

Nilimwambia ipo, lakini imekufa.

"Naweza kuiona tu?"

Nilimfungulia stoo. Aliyaondoa magunia moja moja. Alipoona lile tangi la rangi ya ini alichutama. Kisha akaniambia kwamba kule Nairobi wako watu, yeye na wenzake kadhaa, wanaozitafuta pikipiki za aina hii mikoa yote. Wengine wameanza kupigania hata taa yake. Aliyebahatika kuwa nayo anaringa nayo barabarani Jumapili. Akanitajia bei ambayo angelipa. Nilimwambia asiitaje tena, kwa sababu bado nilikuwa nataka kumpa chai, si kumfukuza.

Tulipokaa nilimuuliza swali lililokuwa likinisumbua. "Mwanangu, hii ilichekwa na dunia nzima. Nilikuwepo. Sasa mmeona nini?"

Alifikiri. "Baba yangu alikuwa na moja, kule Machakos. Alikuwa karani. Tuliona aibu. Mimi nilijificha darasani alipokuja kunichukua." Alizungusha kikombe. "Akaiuza nikiwa darasa la nne, akanunua pikipiki kama za wengine. Nilishangilia. Lakini, mwaitu, baada ya hapo sikuweza tena kujua ni yeye anayekuja. Pikipiki zote zilikuwa na sauti moja. Zamani nilikuwa namjua akiwa bado kwenye daraja."

Nilikuwa nafikiria kitana cha hospitalini.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Watu husema kitu kikiwa adimu ndipo kinapotafutwa, na hiyo ni kweli, lakini hata ugonjwa wa ajabu ni adimu. Mimi naona hivi. Pikipiki ambayo kila mtu alikuwa nayo haikuwa ya mtu yeyote. Ile iliyokataliwa, aliyeichukua aliichukua kwa sababu yake mwenyewe, akavumilia kuchekwa, akaijulia oili yake na kiki yake, hadi ikawa sehemu ya mwili wake. Akiondoka yeye, inabaki na umbo lake. Wanaoitafuta leo wengi wao ni watoto wa waliochekwa.

Sikumuuzia. Hakukasirika. Aliuliza kama anaweza kuja kuitengeneza hata hivyo, aisikie tu, na akaja, Jumamosi baada ya Jumamosi, na plagi na mipira na kabureta aliyoitoa sijui wapi. Siku iliyowaka, majirani walitoka nje. Mwanamume yule aliizima haraka, akaniomba radhi, akanisogezea leso yangu kwa sababu nilikuwa nalia bila kujua. Kisha akaiwasha tena kwa kuwa nilimwambia aiwashe.

Habari zilienea. Wakaanza kuja wengine, mmoja kutoka Machakos, wawili kutoka Nairobi, mmoja hata kutoka Mombasa. Mwanzoni nilidhani wamekuja kwa chuma. Wanaikagua, wanataja namba za vipuri, wanabishana juu ya rangi ya asili. Lakini nikiwapa chai na kukaa kimya, kila mmoja ananiambia kuhusu mtu. Mmoja ni mjomba aliyemfundisha kusoma. Mwingine ni padri aliyempeleka hospitali. Binti yangu alipokuja likizo akawakuta uani, wanaume wazima, makoti yametundikwa kwenye mti, wanasimuliana habari za watu waliowapenda. Aliniuliza jikoni, kwa kunong'ona, kama ni mkutano wa kanisa.

Wa mwisho nitakayesimulia habari zake alikuja na lori la ng'ombe, lililokuwa likitoka upande wa kaskazini kupitia Mwingi. Alikuwa mchuuzi wa mifugo, Mwislamu, mrefu, ndevu zimeanza mvi, mtu wa maneno machache. Dereva wake alikuwa amemwambia juu ya pikipiki. Alisalimu, akasimama mbele yake mikono imening'inia. Hakuuliza bei, wala hakuitazama injini.

"Mama," akasema baadaye, "baba yangu alikuwa mkali kwa kila kitu. Kwetu sisi, kwa mama yetu, kwa ngamia. Isipokuwa kwa moja kama hii tu. Hiyo aliiosha kwa mikono yake, na alipokuwa akiiosha, tuliweza kumsogelea."

Akaniuliza kama ninaweza kumpa kitambaa.

Nilimpa kitambaa na maji kidogo kwenye karai. Alikunja mikono ya kanzu, akachuchumaa, akaanza na gurudumu la mbele, waya mmoja mmoja. Lori lilikuwa linangoja barabarani, ng'ombe wanalia. Hakuna aliyemharakisha. Mimi niliingia jikoni nikaongeza unga kwenye sufuria, kwa sababu niliona atakaa.